Jicho la Kuazima: Roboti Mwandani na Uoni Hafifu Ukambani

Ndengu zikishavunwa Ukambani, baada ya mvua za vuli, mizani haiji peke yake. Huja na mtu wake. Broka hushuka kwenye pikapu, huitundika mizani kwenye tawi la mwembe au kuiweka chini ikiwa ni ya dijitali, na gunia hupandishwa. Mchukue bibi mmoja wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Si mtu ninayemjua. Ni mfano wa makala haya tu, na tutamwita susu, jinsi wajukuu wa Kikamba wanavyomwita nyanya yao. Susu anaiona mizani. Anaona gunia, anaona umbo la broka, hata anajua kwamba shati lake ni jekundu. Asichokiona ni tarakimu. Basi humwita mjukuu aje asome. Mjukuu akiwa shuleni, kilo ni zile atakazotaja broka.

Nimeanza na mizani kwa sababu watu wengi, wakisikia habari za roboti za kuwasaidia wenye shida ya macho, hufikiria giza: mtu asiyeona chochote, na mashine inayomshika mkono. Uoni hafifu si giza. Wataalamu huupima kwa ubao wa herufi. Mwenye 6/18 akisimama mita 6 kutoka ubaoni huona kile ambacho mwenye macho mazuri angekiona akiwa mita 18. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vimezoea kuhesabu uoni hafifu kuanzia chini ya 6/18 katika jicho lililo bora hadi 3/60, na hapo ni baada ya miwani na matibabu kufanya yaliyo katika uwezo wake.

Sharti hilo la matibabu kwanza lina uzito kwetu. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha upofu duniani, huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, lenzi ya bandia ikawekwa, na mgonjwa akarudi nyumbani akiona. Anayehitaji upasuaji huo akapewa roboti amedhulumiwa, hata roboti iwe nzuri kiasi gani. Kwa hiyo tunaowazungumzia hapa ni waliobaki: ambao daktari amefanya lake, miwani imefanya lake, na bado tarakimu za mizani hazisomeki.

Hao nao si kundi moja. Presha ya macho, yaani glakoma, hula uoni kutoka pembeni kuja katikati. Mgonjwa anaweza kusoma ujumbe kwenye simu na dakika hiyo hiyo akajikwaa kwenye kigoda kilicho kando yake. Ugonjwa wa katikati ya retina hufanya kinyume: mtu hutembea vizuri uani, lakini uso wa mwanawe humwonekania kama umefutwa kwa kifutio. Kisukari huacha madoadoa. Watu wenye ualbino, ambao karibu wote huwa na uoni hafifu tangu kuzaliwa, huteswa na mwangaza wenyewe, na jua la Kitui saa saba mchana si jua la mchezo. Mashine inayosema "kuna mtu mbele yako" humfaa mmoja na kumwudhi mwingine ambaye ameshamwona mtu huyo, ila hajamtambua.

Katika kaunti mbili za Ukambani, sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Makueni ilijitokeza miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha ulemavu nchini, na kitaifa shida ya kuona ilikuwa ya pili baada ya shida ya kutembea. Vijana wa kaunti hizi mbili wana mazoea ya siku nyingi ya kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta. Nyumbani hubaki wazee na wajukuu, na macho ya mjukuu huwa ya watu wawili.

Tusipitwe na neno mwandani. Mwandani wa susu leo ni yule mtoto, na kazi anazofanya ni tatu zilizofungwa pamoja hata hazionekani kama ni tatu. Yeye ni miguu: humwongoza kwenda mtoni, sokoni na kanisani. Yeye ni jicho: husoma mizani, dawa, noti na majina kwenye simu. Na yeye ni soga: huketi jikoni jioni akisikiliza habari ambazo amezisikia mara mia. Anayetaka kuleta mashine Ukambani aulizwe kwanza ni kazi ipi kati ya hizo anakusudia kumwondolea mtoto. Jibu langu ni kwamba mashine inayofaa hapa ni ile inayochukua kazi ya jicho, ijaribu ya miguu kwa tahadhari, na isiguse ya soga.

Tuanze na miguu, maana huko ndiko wahandisi walikoanzia. Mwaka 1977 Susumu Tachi na wenzake katika maabara ya uhandisi nchini Japani walianza kuunda MELDOG, roboti ya magurudumu iliyokusudiwa kufanya kazi ya mbwa kiongozi. Ilibeba ramani ya mitaa kwenye kumbukumbu yake na kutafuta alama za njiani ili ijue imefika wapi. Miaka mingi baadaye Chieko Asakawa, mtafiti wa IBM aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 14, aliongoza uundaji wa sanduku la safari lenye akili: unalishika mpini kama abiria yeyote wa ndege, nalo lina leza na kamera za kupima vizuizi, na injini ndogo ya kukuvuta taratibu. Huko Shanghai, mwaka 2024, Profesa Gao Feng na timu yake walionyesha roboti kiongozi yenye miguu sita, kwa sababu miguu sita haiyumbi kama minne.

Mashine hizi ni za kweli na zinashangaza. Lakini angalia sakafu zake. Sanduku la Asakawa limekuwa likifanyiwa kazi viwanjani mwa ndege, kwenye maduka makubwa na katika jumba la makumbusho la Miraikan jijini Tokyo, ambalo yeye mwenyewe ndiye mkurugenzi wake. Roboti zilizopata kuonekana Kenya nazo zimependa sakafu laini: Jasiri, Shujaa na Tumaini, zilizoletwa mwaka 2021 kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wakati wa korona, zikapelekwa miongoni mwa kwingine kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na zile zilizoanza kubeba sinia za chakula katika mkahawa mmoja wa Nairobi mwaka 2024. Njia ya susu ni nyingine. Inashuka kwenye korongo, inapita mchanga wa mto mkavu unaomeza kifundo cha mguu, inapanda kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kila baada ya mvua huwa imehama kidogo. Ramani ya Novemba haifai Januari. Gurudumu dogo kwenye mchanga wa mto Tiva halivuti mtu; huvutwa na mtu.

Fimbo nyeupe hushinda hapo, na haina injini. Kuna pia vifaa vinavyokaa katikati ya fimbo na roboti. Mkenya Brian Mwenda na kampuni yake ya Hope Tech Plus walibuni kifaa kiitwacho The Sixth Sense, kinachotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kupima mwangwi wake, kisha kumjulisha mvaaji kwa mtikisiko kwamba kuna kitu mbele. Ni kanuni ile ile anayoitumia popo. Uzuri wake ni kwamba kifaa cha namna hiyo hakijidai kujua njia. Njia anaijua susu. Ameipita miaka 50. Asichokijua ni tawi lililoanguka jana usiku na kubaki likining'inia kwenye kimo cha paji la uso, mahali ambapo fimbo haifiki.

Sasa jicho. Hapa ndipo mambo yamebadilika mno katika muda mfupi. Mwaka 2015 Mdenmarki Hans Jørgen Wiberg, ambaye mwenyewe ana uoni hafifu, alifungua huduma ya Be My Eyes: unaelekeza kamera ya simu, na mtu wa kujitolea popote duniani anakuambia unachokitazama. Mwaka 2023 nafasi ya mtu huyo ilianza kushikwa na akili bandia pia. Seeing AI ya Microsoft na Lookout ya Google hufanya kazi za jamii hiyo hiyo: kusoma maandishi kwa sauti, kutambua noti, kutaja rangi. Kiini cha roboti mwandani, ukiivua manyoya na magurudumu, ni kamera, kipaza sauti, programu na betri. Vitu hivyo vyote vimo kwenye simu ya kawaida, na simu hiyo fundi wa mji wa Mwingi au wa Wote anaifungua kwa bisibisi akabadilisha kioo.

Rudi kwenye mizani. Simu inayoning'inia shingoni mwa susu, kamera ikiangalia mbele, ingeweza kusoma "arobaini na saba nukta sita" kwa sauti, na broka akasikia. Nafikiri kusikia kwa broka ni nusu ya faida. Au chukua ususi wa vyondo. Vidole vya mwanamke aliyesuka tangu utotoni havihitaji macho kujua ukaze wa uzi wala idadi ya mizunguko. Kinachomshinda ni rangi: katani iliyotiwa rangi ya kahawia na ile ya zambarau zina mguso mmoja. Kazi ya kutaja rangi ya uzi ni ndogo sana kwa kompyuta ya leo, lakini kwa msusi ndiyo inayoamua kama kyondo chake kitauzwa kwa bei ya soko au kwa bei ya huruma. Noti zetu zenyewe, zile zilizotolewa mwaka 2019, zina mistari ya kupapasa pembeni kwa ajili ya wenye shida ya kuona. Noti ikishachakaa kwa jasho la soko, mistari hufifia, na hapo jicho la simu lingeweza kusaidia.

Kasoro yake ipo, na ni ya hatari. Programu hizi hazioni. Hukisia kutokana na yale zilizojifunza katika picha nyingi, na zikikosea hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika. Mtu anayekusaidia kuona atasema "sijui, subiri nisogee." Mashine mara nyingi haisemi hivyo. Wenye Be My Eyes wenyewe huwaonya watumiaji wasiitegemee akili bandia yao kuvuka barabara. Ukambani ongeza nyoka. Kitui ni nchi ya moma, na moma hulala njiani bila haraka, rangi yake na ya majani makavu ni moja. Waswahili walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mashine haijawahi kuumwa. Ikimwambia susu kuna kipande cha kamba mbele, na si kamba, nani atalipia gari la kwenda hospitalini? Ningependa kila kifaa cha namna hii kifundishwe neno "sina hakika" kabla ya neno jingine lolote, na kilitamke mara nyingi hata liwachoshe watu.

Tena kilitamke kwa Kikamba. Programu za simu zinazungumza Kiswahili siku hizi, kwa lafudhi ya ofisini, na vijana wa Wote wataridhika. Susu anakifahamu Kiswahili cha sokoni, lakini maumivu yake, dawa zake na hofu zake zimo katika Kikamba. Lugha hiyo ina irabu 7 pale ambapo Kiswahili kina 5, na urefu wa irabu pamoja na kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno. Haijasahauliwa kabisa na wakubwa wa teknolojia: mradi wa tafsiri wa Meta wa lugha 200, uliotolewa mwaka 2022, uliijumuisha, na mwaka huo huo Google ilitoa mkusanyiko wa sauti za lugha zaidi ya 100 ambamo Kikamba kimo. Huo ni msingi, si nyumba. Kutafsiri sentensi ya maandishi ni jambo moja. Kumwelewa bibi wa Mutomo asiye na meno mawili ya mbele, akizungumza huku kuku wanalia na mvua inapiga mabati, ni jambo jingine. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, humo humo Kitui. Kazi ya kurekodi sauti za wazee, kwa ridhaa yao na kwa malipo, haihitaji kusubiriwa itoke California.

Kuna adabu pia. Mashine inayoanza na "Hello" imeshakosea. Mtu humwendea mzee kwa "Wakya", akangoja aitikie "Aa", kisha ndipo habari zifuate. Hili si pambo. Mwenye uoni hafifu hutambua watu kwa sauti na kwa salamu. Salamu ndiyo inayomwambia aliyeingia ni wa rika gani, ni mgeni au ni wa nyumbani, amekuja kwa heri au vipi. Kitu kinachozungumza ghafla ndani ya chumba bila kujitambulisha kitamtisha.

Nimefika kwenye soga, kazi ya tatu, na hapa nakiri nina upande wangu. Dunia imejaribu. Paro, roboti ya Mjapani Takanori Shibata yenye umbo la mtoto wa sili, imekuwa ikitumiwa kwenye nyumba za wazee tangu miaka ya 2000. Shibata alichagua sili kwa hesabu: watu wengi hawajawahi kuishi na sili, hivyo hawawezi kuilinganisha na wa kweli, ambapo paka bandia angegunduliwa mara moja. (Ukambani mbuzi bandia asingemaliza siku moja.) Huko New York, idara ya jimbo inayoshughulikia wazee ilianza mwaka 2022 kugawa mamia ya ElliQ, roboti ya mezani inayopiga gumzo na kukumbusha dawa. Inawezekana zinawafaa wenyewe. Mtu anayekaa ghorofani peke yake, hana anayemgongea mlango kwa wiki, simlaumu akizungumza na mashine.

Upweke wa mwenye uoni hafifu wa Makueni una sababu nyingine. Hajakosa watu, ameacha kwenda waliko. Kuna mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja kilichochimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga ya Ukambani, ambamo wanawake husomba mawe huku wakizungumza mambo ya kijiji kizima. Macho yanapofifia, mtu huanza kuona haya: ameshamsalimia mti akidhani ni jirani, amempita shemeji yake bila kumsalimu na imesemwa kwamba ana kiburi. Hujitoa polepole. Mashine inayokaa naye nyumbani ikimwimbia itamzoesha kukaa nyumbani. Mashine inayomnong'oneza sikioni "anayekuja kushoto ni mke wa mjomba wako" inamrudisha kwenye mwethya. Ndiyo maana nasema kazi ya jicho, ikifanywa vizuri, tayari imefanya sehemu kubwa ya ile ya soga.

Na kuna msiba wa kompyuta za mbali. Jibo, roboti ya mezani iliyopendwa na familia nyingi Marekani, ilianza kuuzwa mwaka 2017; mwaka 2019 iliwaaga wenyewe kwa sauti yake, ikiwaeleza kwamba kompyuta zinazoiendesha zitazimwa. Moxie, ya watoto, ilipata balaa la jamii hiyo kampuni yake ilipofunga mwishoni mwa 2024. Aliyezoea jicho la kuazima atapofuka mara ya pili siku kampuni itakapofilisika. Hii ni sababu tosha ya kudai kwamba kazi za msingi, kusoma tarakimu, noti, rangi na maandishi ya dawa, zifanyike ndani ya kifaa chenyewe bila intaneti, jambo ambalo mtandao wa vijiji vya Zombe ungelidai hata kama kampuni zote zingedumu milele.

Pesa je? Paro moja hugharimu karibu dola 6,000. Kwa kubadilisha dola kwa shilingi 129, hizo ni shilingi 774,000. Mzee anayepokea Inua Jamii, posho ya serikali, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Angelazimika kuweka akiba kila shilingi yake kwa miaka 32 na zaidi. Simu ya kamera ya wastani ni hesabu ya miezi, si miongo, na wengi watashawishika kuichukua kwa mtindo wa lipa mdogo mdogo. Mtindo huo umewafikisha Wakenya wengi kwenye simu na taa za sola, siupondi. Ila huwa una kufuli: usipolipa, kifaa hujifunga. Taa ikifungwa utawasha koroboi. Jicho likifungwa katikati ya soko la Kathonzweni siku ya mnada, susu atawasha nini? Kipengele cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Sidhani waandishi wake waliwaza kufuli la mkopo, lakini wanasheria wetu wanaweza kuanza kuliwaza.

Njia ya kuvifikisha vifaa ipo tayari, na inatembea kwa miguu. Wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 walipewa simu na mikoba ya kazi mwaka 2023. Hao ndio wanaoingia bomani na kujua ni nyumba ipi ina mzee anayepapasa kuta. Wakiongezewa ubao mdogo wa herufi wa kupimia macho, watajua nani apelekwe kwa upasuaji na nani afundishwe simu. Kufundisha ndiko kutakakochukua muda. Mtu wa miaka 74 hafundishwi kutelezesha vidole vitatu kwenye kioo kwa semina ya siku moja yenye soda na cheti. Atahitaji kurudiwa kila wiki, na pengine mwalimu bora atakuwa mjukuu yule yule, jioni, akishatoka shule.

Faragha nayo isisahaulike. Kamera shingoni mwa susu inamwona kila anayeingia, pamoja na jirani aliyekuja kukopa sukari na hakutaka ijulikane. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweza kumhusu jirani huyo. Picha zinazochakatwa ndani ya simu na kufutwa papo hapo hupunguza ugomvi wa kijiji kuliko zinazosafiri hadi bara jingine.

Nikimaliza kuyasema haya yote, kuna kifaa ambacho wanaowahudumia watu wenye ulemavu vijijini wamekitumia miaka mingi, na mkonge wake unalimwa kule Kibwezi. Ni kamba. Hufungwa kwenye nguzo ya mlango, ikanyooshwa kwa kimo cha kiuno hadi chooni, fundo moja likifungwa mahali njia inapopinda. Saa tisa usiku, mjukuu amelala, susu huishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unabaki huru kwa birika la maji. Simu ameiacha ndani, imezimwa, kuhifadhi chaji ya kesho. Broka amesema atapita asubuhi.